Simu Iliyolia Mara Moja

Jumanne, 14 Machi 2006

Ati walinifleshi. Jana saa nne asubuhi simu ililia mara moja ikakatika. Nikaona ni nambari ya kliniki ya mifugo ya Kitale, nikapiga mara kumi na moja, haipatikani. Kumbe walitaka ruhusa yangu wampasue Tomi, mbwa wangu, niliyemwacha kwao baada ya kumeza mfupa Jumapili.

Leo saa tatu nimefunga duka Kiminini nikaenda Kitale mwenyewe. Msichana wa mapokezi hakuinua hata macho.

"Si tulikufleshi, mama? Ulifaa kukuja."

"Nami nimepiga mara kumi na moja."

"Hiyo simu hutembea na daktari, na huko anakotibu ng'ombe hakuna netiwaki, bana."

Karibu masaa ishirini na nne mnyama amelala na mfupa tumboni, wao wakingoja jibu langu. Mimi duka nimelijenga kwa kujibu watu, kuanzia meza moja ya sabuni. Nimetia sahihi, nikavuta kiti mpaka mlangoni pa upasuaji, nikawaambia siondoki.

Mfupa umetoka. Daktari anasema siku tatu hizi ndizo za kuogopa, na ninaogopa. Lakini nilipomwita Tomi, mkia uligonga meza mara mbili.

Huyo amenijibu vizuri kuliko kliniki nzima. Atapona.