Oveni Haikupita Mlangoni

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya magari.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini kifua kimepona na baridi ya huko umeanza kuizoea. Huku mama yako, mama mdogo wangu, yuko hai, anakula na anazungumza. Nimeanza na hilo kwa sababu yanayofuata si mazuri, na nataka uyapate kwangu kabla baba mkubwa wako hajakupigia simu.

Mwezi wa tatu mama mdogo alianza kuoka mikate ya kuuza hapo nyumbani. Alitoa makochi sebuleni, akaingiza meza ya kukandia, rafu za trei na mapipa mawili ya unga. Fundi wa kuchomelea aliiunda oveni ya chuma humo humo ndani, siku nne, cheche zikitoboa mapazia. Alipomaliza ndipo tukagundua kwamba hakuna aliyepima mlango.

"Mama, hii haitoki tena," fundi akasema.

"Nani kakwambia inatoka?"

Kufikia mwezi wa tano maduka sita yalikuwa yanachukua mikate kwake.

Jumanne, saa nane mchana, baba mkubwa alikuja na wapagazi wawili na nyundo kubwa. Alisema nyumba ya marehemu mdogo wake haiwezi kugeuzwa kiwanda, kwa hiyo oveni anaihamishia kwake. Mama mdogo akamwambia, "Shemeji, kaa kwanza unywe maji." Akajibu kwamba atayanywa oveni ikishatoka.

Oveni ilikuwa bado ya moto. Mpagazi mmoja aliishika bila kitambaa, ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma. Waliisukuma kwa magongo hadi mlangoni, ikakwama. Baba mkubwa akaanza kubomoa fremu kwa nyundo, matofali yakaangukia unga uliokandwa. Mama yako akasimama mbele yake. Baba mkubwa alimsukuma, mama yako akaanguka na kujigonga kichwa kwenye kona ya meza.

Aliinuka na koleo la kutolea mikate, lile la mpini wa chuma. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa baba mkubwa. Mfupa tuliusikia sote. La pili lilitua begani. La tatu nililidaka hewani. Nilipokuwa nimeshika mpini, baba mkubwa akampiga mama mdogo ngumi ya mdomo kwa mkono uliobaki. Meno mawili yametoka. Baba mkubwa alipokuwa anaondoka, mama mdogo akatema damu, akamwambia, "Shemeji, umesahau nyundo yako."

Hospitali walimshona nyuzi kumi na moja kichwani. Baba mkubwa ana plasta hadi kwenye kiwiko. Polisi wameandika maelezo ya wote wawili.

Alhamisi wajomba walikaa kikao. Wanataka wasameheane na oveni ikatwe vipande. Mama mdogo alisikiliza, akaenda kuchekecha unga.

Sasa linalokuhusu. Baba yako aliandikisha nyumba kwa jina lako. Baba mkubwa anakutumia karatasi ya kumruhusu aisimamie yeye. Atakwambia mama yako alitaka kumuua. Hapo hatakuwa anadanganya: pigo la tatu lilikuwa la kichwa. Muulize tu ni nani aliyekuja na nyundo.

Mama yako amenituma maneno haya: "Mwambie asikatae kwa kunihurumia. Kama mikate imemchosha aseme, nitahama nikaoke kwingine. Akikataa, akatae kwa sababu nyumba ni yake na mimi nakaa humo."

Maduka mawili yameacha kuchukua, yanaogopa. Manne yanasubiri mikate kesho; oveni anaiwasha hapo hapo mlangoni ilipokwama. Jibu mapema, mdogo wangu, na uandike kwa mkono wako, maana wajomba watataka kuiona barua.

Shangazi mshonaji na mjomba Kipara wanakusalimu. Fundi pia. Baba mkubwa hakunituma salamu.

Mungu akulinde ulipo, na atulinde nasi.

Wako akupendaye daima,
Kaka yako