Moyo wa Majivu Uwanjani

Jumatatu, 6 Mei

Bendera. Kisha nyimbo za Chama, nusu saa nzima, wanafunzi wakikata viuno kwa utukufu wa Taifa. Kisha biolojia, darasa la tano la sekondari. Nimesoma mzunguko wa damu kutoka kitabuni, kwa Kifaransa, polepole, nao wameandika. Koma. Nukta. Aya mpya. Hakuna aliyeinua kichwa.

Ninaandika hapa kwa Kiswahili kwa makusudi. Kwa Kifaransa ninahutubu. Kwa Kiswahili ninachoka tu.

Mwaka jana nilisimama juu ya meza ya restora, bwalo la chakula la kampasi ya Lubumbashi, nikawaambia wanafunzi elfu moja kwamba historia inatusubiri. Historia haikusubiri. Waliotusubiri ni askari. Nikarudishwa Kalemie, kwa mama, nifundishe chini ya uangalizi. Mwisho wa mwaka Prefe, mkuu wa shule, ataandika ripoti ya mwenendo wangu. Ikiwa njema, nitarudi kumaliza mwaka wangu wa mwisho. Ikiwa mbaya, nitasema koma na nukta hadi meno yang'oke.

Prefe ni mtu mnene mwenye pumzi fupi. Hutembea kamba za viatu zikiwa wazi.

Jumatano, 8 Mei

Nimenunua moyo wa mbuzi sokoni. Nimeupasua mbele ya darasa, nikaonyesha vyumba vinne na vali zake, vile vimilango vinavyoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi. Waliokaa mbele wameona. Waliokaa nyuma wameona migongo. Wako sitini na kitu, na moyo wa mbuzi ni ngumi ya mtoto.

Mama amedai moyo wenyewe jioni, kwa mboga. Tumekula somo.

Ijumaa, 10 Mei

Nimewauliza kwa nini damu hairudi nyuma. Mkono mmoja umeinuka, wa Mwayuma, msichana wa benchi la tatu ambaye hawezi kumaliza saa bila kuwachekesha wenzake.

"Mwalimu, hii itatoka mu egzame ya Leta?"

Mtihani wa Taifa! Nimekasirika. Nimeweka chaki chini na kuhutubu. Kwamba sayansi si zaburi ya kukariri. Kwamba taifa lililofundishwa kunakili litatawaliwa kwa kunakiliwa. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye mizani. Nilipomaliza nimeona kalamu zote zinakimbia. Walikuwa wameiandika. Mwayuma ameuliza kama kichwa cha hotuba kipigwe mstari mwekundu au wa bluu.

Darasa limecheka. Mimi sikucheka. Nimetembea hadi nyumbani kwa njia ya reli, upepo wa ziwa usoni, nikijua kwamba ninafanya kile kile ninachokilaani. Ninasema, wananakili. Tofauti ni sauti tu.

Jumatatu, 13 Mei

Nyimbo za asubuhi tena. Leo nimewatazama badala ya kutazama miguu yangu. Watu wale wale wanaolala kwenye biolojia walikuwa macho kabisa. Safu zinapishana bila kugongana. Anayeongoza anatupa neno, mia tatu wanalidaka. Miguu inajua zamu yake. Tangu darasa la kwanza wanafunzwa jambo hili kila siku ya Mungu, na ndilo jambo pekee ambalo shule hii inafundisha kwa vitendo.

Nina wazo. Nimechoka mno kuogopa wazo.

Alhamisi, 16 Mei

Nimechora moyo uwanjani kwa majivu, ndoo tatu kutoka jiko la mama. Vyumba vinne, kila kimoja ukubwa wa chumba cha kulala. Mapafu: kibaraza cha biro, ofisi ya Prefe. Mwili: goli la mpira. Sare zao ni bluu na nyeupe, kwa hiyo damu iliyochoka walikuwa nayo tayari. Wasichana wawili wamesimama kibarazani na kapu la maua mekundu ya bogonvilia. Hiyo ndiyo oksijeni. Damu inapita mapafuni, inachukua ua, inarudi moyoni kushoto, inasukumwa hadi golini, inakabidhi ua kwa misuli, inarudi kulia mikono mitupu. Penye kila vali, wanafunzi wawili, mikono yao ndiyo mlango.

Kwanza nimewaambia kila mmoja atafute shingoni mahali panapopiga. Vidole viwili, chini ya taya. Kisha mmoja amepiga makofi kwa mdundo ule, wengine wamedaka, na kabla sijasema lolote walikuwa wanaimba kwa sauti ya wimbo wa Chama, maneno yao wenyewe: kulia, mapafu, kushoto, mwili.

Wamezunguka bila kugongana. Nilikuwa nimeandaa maelezo. Hayakuhitajika. Kijana wa misuli amelalamika kwamba maua yanachelewa. Msichana wa mapafu amemjibu kwamba moyo ni mvivu, usukume haraka. Wakauharakisha wenyewe. Wameelewa mbio za moyo bila mimi kutamka neno.

Nimekaa kwenye ngazi. Nilikuwa na furaha. Ninaliandika neno hilo kwa sababu sijaliandika tangu Lubumbashi.

Ijumaa, 17 Mei

Leo moyo mgonjwa. Nimewaeleza vali iliyokakamaa, kati ya vyumba viwili vya kushoto, isiyofunguka vizuri. Nimewaachia waonyeshe.

Mwayuma amechukua vali. Amenyoosha mkono mmoja mbele, mwingine kiunoni, na kuwa mtu ambaye sote tunamjua kutoka kila kizuizi, kila geti la bandari, kila dirisha la biro.

"Hapa hapana kupita bure, citoyen. Matabishi kwanza."

Damu ya kwanza, raia mtiifu, imesita, kisha imetoa ua lake. Amepokea, ameliweka kifuani, amempitisha.

"Mwingine. Usinitolee macho, mimi pia niko na watoto."

Foleni imerudi nyuma hadi kibarazani. Mapafu yamejaa watu. Msichana mwenye kapu amelia kwamba hapati pumzi. Golini damu imefika bila ua hata moja. Misuli imesubiri, imeketi, kisha imelala chini, kijana mmoja baada ya mwingine. Mwili mzima chini kwa sababu ya mlango mmoja. Mwayuma amebaki amesimama, kifua kimejaa maua.

Wamecheka hadi machozi. Mimi nimeona wivu. Miaka mitatu juu ya meza, na sikuwahi kulisema vizuri namna ile.

Kisha nimegeuka. Kwenye kibaraza, nyuma ya mapafu, Mjumbe wa Chama katika abakosti yake, lile koti la viongozi lisilovaliwa tai, aliyekuja kukagua nyimbo za Ijumaa. Hakucheka. Prefe kando yake, ameshika nguzo.

Jumatatu, 20 Mei

Nimeitwa biro. Prefe hakuniambia niketi. Mjumbe amesikia mambo mawili: wimbo wa Chama ukidhihakiwa, na Dola ikionyeshwa kama mla rushwa, tena katika shule inayomlea mwanafunzi aliyerudishwa. Kesho kutwa atakuja kuuliza nani alitunga maneno yale.

Prefe amesema chini chini, kama mtu anayetoa zawadi.

"Mutoto mumoja tu. Tunamufukuza, mambo inaisha. Ripoti yako naandika muzuri, unarudi Lubumbashi."

Nimetazama kamba za viatu vyake. Amedhani nimekubali. Labda nilikuwa nimekubali.

Jumanne, 21 Mei

Mwayuma amebakiza mwaka mmoja kabla ya egzame ya Leta. Akifukuzwa kwa sababu ya Chama, hakuna shule ya mji huu itakayompokea, wala ya Moba.

Leo nimejenga hoja. Ninajua kujenga hoja. Kwamba harakati zinamhitaji msemaji wake kampasini. Kwamba mapambano huwapima watu kwa maelfu, si mmoja mmoja. Kwamba maneno yalikuwa yake kweli, na kusema kweli si usaliti. Hoja imesimama imara kila upande.

Nilitaka kumtaja. Naliandika waziwazi. Nilitaka hadi jioni hii. Nataka bado.

Nimeandaa pia hotuba ya utetezi, sehemu tatu. Utangulizi ni mzuri sana.

Jumatano, 22 Mei

Mjumbe ameketi kwenye kiti cha Prefe. Prefe kwenye benchi la wazazi. Mwayuma mlangoni, sare imepigwa pasi, midomo imefungwa.

"Nani alitafuta ile maneno ya matabishi?"

Mwayuma alifungua kinywa. Nikawahi.

"Ni mimi niliyewapa."

Nimesubiri hotuba ije. Haikuja. Utangulizi wote ulikuwa kichwani, umepangwa, na sikuwa na hamu nao. Mjumbe pia alisubiri.

"Njo hiyo tu? Walituambia wewe njo musemaji."

"Njo hiyo tu."

Alionekana kama mtu aliyenyimwa tamasha. Uamuzi umechukua muda mfupi. Ripoti mbaya. Kampasi, hapana, mwaka huu wala mwingine. Nitaendelea kufundisha kwa kuwa hakuna mwingine wa biolojia. Uwanja ni wa bendera na mpira. Kitabu na imla, basi.

Mwayuma hakuguswa.

Mjumbe alipoondoka, Prefe ameniita nirudi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Miguu imevimba juu ya kamba zilizo wazi.

"Ile vali ya yule mutoto. Ikikakamaa, kweli mutu anakosa pumzi?"

Nimemwambia ndiyo. Kwanza kwenye ngazi, kisha hata kitandani, na baadaye miguu inajaa. Nimemwambia aende hospitali, wasikilize kifua.

Amesema nifunge mlango nikitoka. Ripoti ilikuwa mezani. Ameiandika kama alivyoambiwa.

Ninamchukia. Na nilimwambia aende kesho, asichelewe.

Alhamisi, 23 Mei

Mwayuma amenisubiri getini. Nilidhani ni shukrani. Nilikuwa nimetayarisha uso.

"Mwalimu, kale kamaneno kalikuwa kangu."

"Najua."

"Sasa mji wote unasema ni wewe ulikatafuta. Mama sokoni anasema mwalimu yenu anachekesha. Wewe, kuchekesha?"

Ameondoka akitikisa kichwa. Kisha amerudi hatua chache, bila kunitazama, akauliza Lubumbashi ni mbali kiasi gani kwa treni. Nimemwambia. Akasema basi ni mbali.

Nimetembea taratibu. Sina hasira. Ningependa kuwa nayo, ilikuwa inanibeba.

Jumamosi, 25 Mei

Salongo, kazi ya lazima ya umma. Shule nzima kufagia. Prefe ameelekeza darasa la tano kwenye uwanja. Wamefagia moyo wenyewe, chumba baada ya chumba, kwa mpangilio: kulia, mapafu, kushoto, mwili. Hakuna aliyewaamuru. Msimamizi hakuona kitu. Vumbi la majivu limeondoka na upepo kuelekea ziwani.

Jumatatu, 3 Juni

Bendera. Nyimbo. Darasa la tano.

Nimefungua kitabu. Bado tuko kwenye damu. Programu inadai kurasa mbili zaidi. Nimesoma kwa Kifaransa, polepole. Wameandika. Vichwa chini, kama mwanzo. Sauti yangu imenichosha mimi mwenyewe.

Katikati ya ukurasa nimeinua macho. Mikono ya kulia inaandika. Mikono ya kushoto haiko mezani. Iko shingoni, vidole viwili chini ya taya, benchi baada ya benchi, hadi nyuma ukutani. Hakuna anayecheka, hata Mwayuma. Midomo inahesabu.

Nimepunguza mwendo wa kusoma.

Koma. Nikasubiri.

Nukta. Nikasubiri tena, wamalize kuhesabu.

Aya mpya.