Maua ya Plaiwudi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na sasa unainuka kitini bila kuugulia. Sisi huku tunapumua. Mjukuu wako ameota meno ya mbele, anamng'ata kila anayembeba. Fundi cherehani, jirani yetu, siku hizi anamsalimia kwa mbali.

Mume wangu, mkweo, bado yuko kitandani. Upande wa kulia haujarudi, na maneno yanamtoka nusunusu.

Kabla kiharusi hakijamwangusha, alikuwa amepokea kazi ya kukata mbao za nakshi za ukumbi mpya: plaiwudi iliyotobolewa maua na majani, ya kupamba ukuta mzima. Nilimwendea mwenye ukumbi kumweleza. Yule mama alinipa pole, akasema ufunguzi hausubiri, atatafuta fundi mwingine, na huyo ndiye atakayepewa kazi zake zote baadaye. Mdomo ukanitangulia. Nikamwambia kazi itakwisha.

Basi nikaingia karakana, mimi ambaye hata msumari naupinda. Unatoboa tundu kwa keekee, unapitisha wembe mwembamba kama uzi, unaukaza kwenye msumeno, kisha unafuata mstari wa penseli. Kusema ni rahisi. Nyembe zilikatika kama tambi kavu. Nikifika jani la mwisho, mkono ukiharakisha kidogo tu, shina linavunjika na ua zima linadondoka miguuni. Plaiwudi imebaki kidogo sana. Mkweo anasikia yote, chumba kimepakana na karakana. Nikiingia kumgeuza, ananiambia nisisukume, niuache msumeno wenyewe ule mbao.

Juzi nilimpelekea ubao wa kwanza uliotoka mzima. Aliupapasa kwa mkono wa kushoto, kidole kikasimama pale nilipopotea mstari, akatabasamu kwa upande mmoja. Kisha machozi yakamtoka. Akasema, neno baada ya neno, "Nirudishe kwetu. Wewe bado kijana. Anza upya."

Mama, hili sijamwambia mtu. Nilitaka kusema sawa. Sikuwa na hasira naye hata chembe. Neno lilishafika kwenye ulimi, na nikajiona kwenye chumba kisicho na harufu ya dawa wala vumbi la mbao, nimelala mpaka usingizi uishe wenyewe. Nilimwambia gundi inakauka, nikatoka mbio. Hakukuwa na gundi yoyote. Nilisimama karakana nimeziba mdomo kwa aproni yake ili asinisikie.

Leo asubuhi ameniuliza tena. Nampenda, mama, na nimechoka, na sijui kipi kati ya hivyo kitajibu. Usimtume mdogo wangu yeyote. Njoo wewe, hata kwa siku chache, njoo kabla sijafungua mdomo.

Msalimie baba na wadogo zangu, ila barua hii usiwasomee.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.