Kaka, Nimeijua Njia Yako ya Mkato

Kaka Masanja,

Pamba imekwisha. Watu wamechuma, wamepeleka kwenye mizani, wameng'oa masalia na kuyachoma, na sasa mashamba yako wazi kama uwanja wa mpira. Ulikuwa unasema Mungu ametupa miezi mitatu ya kupita popote bila kukanyaga jasho la mtu. Miezi yenyewe ndiyo hii. Asubuhi kuna kaupepo ka baridi, vumbi bado limelala, na jua linatoka jekundu kwa sababu ya moshi wa masalia. Nakuandikia Jumapili mchana, nimekaa nyuma ya nyumba ya mama, miguu imepauka vumbi hadi magotini na mapaja yanauma vizuri. Unayajua maumivu ninayosema.

Nina mengi ya kukueleza, na kwa jambo moja nina kesi na wewe. Lakini nianze na mama.

Tangu tukuzike, mama alishika neno moja. Homa ile ilikuchukua kwa siku tisa tu, mvua zikiwa zimekolea, na hakuna aliyetueleza tukaelewa. Mtu akikosa jibu hulitafuta karibu. Mama alilipata kwenye baiskeli yako. Akasema, "Mwanangu alizimaliza nguvu zake kule mlimani. Ugonjwa ulimkuta mtupu." Aliwaambia waombolezaji, akamwambia padri, akaniambia mimi huku akiniangalia usoni. Tulipoondoa matanga akamwita jirani, baiskeli ikapandishwa juu ya kenchi za stoo na kufungwa kwa kamba ya katani. Raba zangu akaniambia nizipeleke mjini, asizione hapa.

Sikumbishia. Mama aliyefiwa habishiwi. Lakini msimu ulipoanza kufunguka, nikiwa pale Bariadi kwenye cherehani yangu, mguu ulikuwa kwenye pedali na moyo uko kwenye korongo. Jumamosi ya kwanza nilishona. Jumamosi ya pili nikashona. Ya tatu nilikosea kukata sare ya kwaya, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, nikafunga duka.

Niliogopa kitu kimoja, kaka. Nikikaa nyumbani, ni kama nimekubali kwamba siku zetu nzuri ndizo zilizokuua. Zile asubuhi zote, wewe kwenye baiskeli na mimi kwa miguu, nitakuwa nimezigeuza kuwa kosa. Na nikienda, mama atakuwa anakaa mlangoni akinihesabu na mimi kwenye waliokwisha. Nilizungusha hilo jambo kichwani hadi likanichosha kuliko mlima wenyewe.

Aliyelikata ni mke wako.

Unamjua Minza alivyo, anakaa kimya mpaka mtu unasahau yupo. Ijumaa moja jioni nimekuja kuwasalimia, akanisogelea jikoni akasema, "Wifi, ile kitu itaozea huko juu."

"Na mama?"

"Mama nitamwambia ni mimi nimeishusha."

"Wewe unajua kuendesha?"

Akaniangalia kama nimemtukania ukoo. "Mimi nimekulia Lalago. Nimebeba maji kwa baiskeli, nimebeba magunia ya mtama, na kaka yako nilimbeba siku aliyokuja kuposa, yake ilipopata pancha njiani."

Hilo hukuwahi kutuambia. Ulifika nyumbani ukasema wakwe wamekupokea vizuri, basi.

Aliishusha. Matairi yalikuwa yamelala na mbigili za msimu uliopita bado zimo. Alizichomoa moja moja kwa sindano yangu, akaziba, akajaza upepo. Mnyororo tukaupaka mafuta ya cherehani, maana ndiyo niliyokuwa nayo kwenye pochi. Gia zako mbili hazikukubali kuingia. Minza akasema hazihitaji, hata zikiwa sita zinatosha kumpita mtu anayetembea kwa miguu. Nikaona mke wako naye ana mdomo.

Asubuhi tulipotoka, mama alikuwa anafagia uwanja. Alituona. Aliona raba, akaona baiskeli. Aliuegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Angenitukana ningeondoka na nafuu. Ule mlango nilikimbia nao mgongoni hadi korongoni.

Halafu, kaka, mwili ukakumbuka. Sijui nikueleze vipi, ingawa wewe ndiye mtu wa mwisho anayehitaji kuelezwa. Mchanga wa korongo ni mkavu, unameza kisigino, unakimbia kama mtu anayeota. Ukipanda ukingo wa pili ardhi inashika, unapata njia ya ng'ombe, nyembamba, imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, na miguu inaanza kuimba yenyewe. Kwenye shamba ambalo hawajasawazisha matuta nilimsikia Minza nyuma yangu akirushwa, tuta baada ya tuta, anahesabu kwa sauti na kucheka. Kware waliruka mbele yetu. Nilisahau mlango wa mama kwa muda wa shamba zima.

Mlimani nilimwacha, kama nilivyokuwa nakuacha wewe. Kwenye mawe aliibeba baiskeli begani, anapiga kelele, "Wifi, kimbia! Mbona unatembea kama bibi harusi!" Tulikaa kule juu tukanywa maji. Mabati ya Bariadi yalikuwa yanang'aa mbali, na moshi umesimama hapa na pale kama watu wanaongojana. Minza alisema, "Kumbe hiki ndicho alikuwa anakifuata."

Sasa nakuja kwenye kesi.

Misimu sita, kaka. Misimu sita tumepanda pamoja na kushuka mbalimbali. Mimi njia ya miguu, kwenye mawe ya chini. Wewe njia ya baiskeli, ambayo uliniambia ni ndefu kuliko yangu, inazunguka ngitili kwa juu. Uliniambia humo ndani hakupitiki, kwamba ni majani ya watu, wameyafungia ya ng'ombe wa mwisho wa kiangazi, na atakayeingia sungusungu watamtoza faini. Na kila Jumamosi nafika lamboni, mwisho wa mashindano yetu, nahema, nakukuta umekaa juu ya jiwe, viatu umevua, unajifuta masharubu. Nilikuwa nadhani unafuta jasho.

Siku hiyo sikutaka tuachane na Minza, nikamwambia tushuke wote kwa njia yako. Sikuwa naijua. Nilikuwa na kanuni yako tu, ile ya kwamba njia ikigawanyika ufuate mavi mabichi, maana ng'ombe hapotei akienda kunywa. Njia ikagawanyika, mavi mabichi yakaelekea kushoto, tukafuata. Tukakuta uzio wa miiba umeondolewa, tukapita, na ghafla tuko kwenye majani ya manjano yanayofika kwenye usukani. Nikasimama. Nikamwambia Minza, "Tumekwisha, tumeingia ngitili ya watu." Kumbe mwenye ngitili alikuwa ameifungua siku mbili kabla, majani ya nje yameisha, ndiyo maana ng'ombe walipita huko. Kabla hatujageuka tukaona nyumba, na mzee anasokota kamba kivulini.

"Ng'wangaluka, guku," nikamwamkia babu huyo kwa Kisukuma, sauti ya mtu aliyekwisha kukamatwa.

"Ng'wangaluka, mayu." Alijibu akiniita mama, macho kwenye baiskeli. "Hii naijua. Mwenyewe yuko wapi? Mwaka huu ngosha wangu, yule kijana, hajapita."

Minza ndiye aliyemwambia. Alisema kwa Kisukuma, kwa maneno machache. Mzee alivua kofia yake akaiweka juu ya goti. Anaitwa Mzee Jilala, lakini wewe unamjua. Kuku wanapita miguuni kwake, akasema, "Hakuna aliyenifikishia." Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe ndiye yule dada yake anayeshindwaga kila Jumamosi?"

"Nani anashindwaga?"

"Wewe. Yeye alikuwa anakatiza hapa hapa. Anaegesha pale, anakaa, anakunywa maziwa, ananipigia stori za mpira. Halafu ananiambia, guku, hebu mwangalie kafika wapi. Mimi napanda pale kwenye kichuguu, naangalia. Namwambia, bado yuko kwenye mawe. Basi anaongeza kikombe."

"Guku, mbona aliniambia ngitili haipitiki!"

"Ngitili inakataza ng'ombe, mayu. Baiskeli inakula majani?"

Kaka, nilikaa chini kwenye vumbi. Minza alianza yeye. Alicheka hadi baiskeli ikamponyoka ikaanguka, na alipoona nimekasirika kweli akazidi. Na mimi nilikuwa nimekasirika kweli! Misimu sita nimekununulia soda ya ushindi pale gengeni. Misimu sita nimejifunza kushuka mawe usiku na mchana kichwani, nikijiuliza ninakosea wapi. Halafu nikakuona umekaa pale na kikombe, unaulizia nimefika wapi, na kicheko kikanipata na mimi, kikatoka na machozi yote niliyokuwa nimeyafungia tangu mvua zile. Mzee alituletea maziwa mgando. Nilikunywa vikombe viwili, nikaona ni haki yangu.

Tuliporudi, mama alikuwa nje, amekaa kwenye jiwe bapa la nyuma anaanika michembe. Vipande vya viazi alikuwa anavipanga kimoja kimoja, na hakuinua uso. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Badala yake nikajikuta namsimulia, kwa sababu ni wewe, na kila ulichofanya kibaya tangu utoto mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa mama. Nikasimulia ngitili, nikasimulia kichuguu, nikasimulia masharubu. Nilipofika kwenye maziwa, mkono wake ulisimama.

"Alikuwa anakaa?"

"Anakaa, mama."

"Muda mrefu?"

"Vikombe viwili. Mzee anasema siku nyingine vitatu."

Akachukua kipande cha kiazi, akakigeuza, akakirudisha pale pale. "Kwa hiyo hakuwa anashuka mlima mbio kama alivyokuwa anasema."

"Mbio gani, mama. Nilikuwa nakimbia mimi. Yeye alikuwa anapiga stori."

Minza alikuwa amesimama nyuma yangu. Mama akasema, polepole, kama anajifundisha, "Kumbe alikuwa anapumzika."

"Alikuwa anapumzika, mama."

Kilichofuata nilidhani ni kikohozi. Kilianza kifuani, kikakwama, kikatoka. Mama alikuwa anacheka. "Na maziwa yangu alikuwa anayakataa! Anarudi, namletea kibuyu, ananiambia mama nimeshiba!" Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akatuambia tuoge, tunanuka jasho, na tusikanyage michembe.

Sitakudanganya kwamba yote yamepona siku hiyo. Zipo asubuhi anaamka mzito na hatuendi, tunakaa naye tunamenya karanga. Lakini lile neno la kwamba ulimaliza nguvu zako mlimani, sijalisikia tena. Wiki iliyofuata shangazi alilianza mbele ya wageni, na mama akamkata: "Nani? Masanja? Masanja alikuwa anakaa kwa Jilala anakunywa maziwa." Alisema kwa majivuno kidogo, kama mtu anayesifia mtoto aliyefaulu.

Basi tangu hapo tunakwenda. Minza anajua njia zote sasa, na gia zako mbili amezirekebisha mwenyewe, sijui kwa dawa gani. Tumegundua ukipita kwenye mashamba yaliyochomwa jana majivu yanakuwa laini, tairi halitoi sauti kabisa, unaelea. Tumemkuta fisi mmoja akirudi kwake kachelewa, ametuogopa kuliko tulivyomwogopa. Mimi nimeshuka mawe bila kuanguka Jumamosi nne mfululizo. Mzee Jilala tunampelekea michembe ya kuchemsha na karanga, mama mwenyewe anaifunga. Ametuma na salamu, kwamba anataka siku moja naye afike aone hapo ulipokuwa unakaa. Kutembea hadi kule hawezi, magoti hayamruhusu. Kwa hiyo jana tuliporudi mlimani Minza amepeleka baiskeli kwa fundi ifungwe keria nyuma. Fundi amelalamika, amesema baiskeli ya mlimani haiwekwi keria, inaharibu sura. Minza amemwambia sura ataitazama nani, sisi tunataka mama akae.

Kesho Jumatatu narudi mjini, kuna sare za shule zinaningoja. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa, watu wanatengeneza majembe ya ng'ombe, na wiki chache zijazo mashamba yatakuwa ya watu tena. Siku zilizobaki nitazitumia zote. Nakuahidi: kila Jumamosi iliyobaki nitakwenda, na mvua zikitukatiza nitangoja, na pamba ikitoka tena nitakwenda tena, mimi na Minza. Mama tutamfikisha, kwa mwendo wa polepole, tukishika baiskeli kila upande kwenye makorongo. Tutamkalisha palepale, na Mzee Jilala atamwonyesha kikombe chako kilikuwa kipi.

Soda zangu nimekusamehe.

Kaa vizuri huko uliko, kaka. Kunywa polepole, huna haraka. Mimi bado niko kwenye mawe.

Dada yako,
Limi