Shemeji Anabeba Kosa la Seva Yetu

Mpendwa Mama Mshauri, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unirarue, maana najua utanirarua, nasoma ukurasa wako kila Jumapili na nimeona unavyowavua nguo wanaume wenzangu hadharani, lakini sina mwingine wa kumweleza kwa sababu kila mtu ninayemfahamu ama ni ndugu yangu ama ni ndugu wa mke wangu, na jambo lenyewe limewagawa hao wote pande mbili, mimi nimebaki katikati nikijifanya sijui kitu.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika zahanati ya mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, ambaye alinilea na kunisomesha mpaka nikafika hapa. Zahanati ni ya familia kwelikweli, daktari ni yeye, duka la dawa analishika mkewe, mtoto wao mkubwa ndiye meneja na kazini tunamwita Bosi Mdogo, na shemeji yangu, dada wa mke wangu, nilimwombea kazi mimi mwenyewe akawekwa masjala ya wagonjwa. Mjomba hakutaka majibu ya vipimo yakae kwenye kompyuta za watu asiowajua, kwa hiyo tuliweka seva yetu wenyewe, kompyuta moja inayohudumia nyingine zote, iko kwenye stoo nyuma ya maabara, imebanwa kati ya maboksi ya glavu na kitanda kibovu cha wajawazito, na inaendesha vitu viwili, tovuti ambako mtu anaomba miadi, na programu ya mafaili yenye majibu ya wagonjwa wote.

Ile programu ya mafaili ilikuwa na paswedi, ila wauguzi walikuwa wakiisahau kila kukicha na kupiga kelele koridoni, basi Bosi Mdogo akaniamuru niiondoe kwa mashine zote zilizo ndani ya jengo, akasema, "Sisi humu ni familia bwana, mtu wa ndani unamdai paswedi ya nini?" Halafu akataka tovuti ionekane ya kisasa, mgonjwa asihangaike kuja na picha ya kitambulisho, abandike tu kiungo cha picha yake iliyoko mtandaoni, na seva yetu yenyewe iende kuichukua. Akamleta jamaa yake akaiweka hiyo huduma nikiwa likizo, na niliporudi nikaona balaa papo hapo.

Nikamweleza Bosi Mdogo kwa lugha nyepesi kabisa, nikamwambia seva sasa ni kama tarishi asiyeuliza swali, ukimpa anwani yoyote anakwenda, kwa hiyo mtu wa nje badala ya kubandika kiungo cha picha akibandika anwani ya programu ya mafaili, tarishi wetu ataingia masjala, hakuna atakayemzuia kwa kuwa ametokea ndani, atabeba majibu ya watu na kumpelekea huyo wa nje kana kwamba ndiyo picha aliyotumwa. Akacheka. "Nani huko nje anazijua anwani za humu ndani? Wewe acha kuogopa kivuli chako." Nikamwambia programu hizi za kujiwekea wenyewe zinafanana kila mahali, mwenye nia anajaribu anwani moja baada ya nyingine mpaka apate. Akaniambia nimeanza kumwonea wivu jamaa yake.

Mama, ikatokea vilevile. Majibu ya wagonjwa yakaanza kuzunguka kwenye magrupu ya simu. Kuna mwalimu wa shule ya jirani, majibu yake yalifika kwenye grupu la wazazi kabla mwenyewe hajaja kuyachukua, alipofika dirishani kwetu watu kwenye foleni walikuwa wameshaanza kumtazama na kusogeza viti, na yeye hajui kwa nini. Ameacha kufundisha. Nasikia hata dukani haendi.

Mjomba akaita kikao, tukakaa wote kwenye chumba cha kusubiria baada ya kufunga. Alikuwa ameniagiza nikague kumbukumbu za programu, pale inapojiandikia nani kaomba faili gani na saa ngapi, na kumbukumbu zilionyesha waziwazi kwamba mafaili yaliombwa kutoka ndani ya jengo. Akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, usinizungushe na mambo ya kitaalamu. Yaliombwa kutoka ndani au nje?" Nikamtazama Bosi Mdogo, naye alikuwa ananikazia macho, nikajibu, "Ndani." Sikusema uongo Mama, mashine iliyoomba ni tovuti yetu wenyewe, iko ndani, ila aliyeituma alikuwa nje, na hilo nikalimeza. Mjomba akasema, "Kama ni ndani basi ni masjala, na masjala kuna mtu mmoja tu ambaye si damu yetu." Shemeji akanigeukia, wala hakulia, akasema, "Shem, waeleze basi. Si wewe unazijua hizi mashine?" Nikasema nitachunguza zaidi.

Amesimamishwa kazi, na wiki ijayo Mjomba anampeleka polisi. Amehamia kwetu kwa sababu kule alikopanga majirani walikuwa wanamtupia maneno mlangoni, na kwa kuwa hana kazi, asubuhi anamwogesha mwanangu na kumvisha sare ili mimi niwahi zahanati, kule kule alikosimamishwa. Mke wangu ameninyima raha, juzi alinifuata uani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Watoto, niambie mimi tu, dada yangu alifanya?" Nikamjibu sijui. Tangu siku hiyo yeye naye anamtazama dada yake kwa kuibia, na mkoba wake anaufungia kabatini.

Nilimfuata Bosi Mdogo nikamwambia angalau tuizime ile huduma ya picha, akanijibu, "Ukiizima leo watu watauliza ulichozima ni nini. Tulia, mambo yakipoa tutaizima taratibu." Kwa hiyo mpaka ninapoandika hapa iko wazi. Mjomba hajui lolote kuhusu tundu hilo, ana shinikizo la damu, na zahanati ndiyo maisha yake yote. Nikisema namvunja mtu aliyenivalisha viatu vya kwanza vya shule, nikinyamaza dada wa watu anakwenda jela. Naomba unisaidie, je, hakuna njia ya kumsafisha shemeji bila kumchafua mjomba?

Ni mimi, Aliyefyata Ulimi.

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Aliyefyata Ulimi, nimekusoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hasira ilinizuia kuona herufi. Mambo ya seva siyajui, basi nikamwita fundi wa kompyuta wa hapa gazetini nikamsomea ile sehemu ya tarishi, nikamuuliza kama jambo hilo linawezekana. Akasema linawezekana sana, kisha akaniomba radhi akakimbilia mezani kwake, na mpaka jioni hakuwa ameinuka. Kwa hiyo nakuamini. Pole kwa kuwa ulionya ukachekwa, hilo linauma na nakubali si kosa lako.

Pole yangu imeishia hapo.

Unasema hukusema uongo kikaoni. Hongera. Ulichagua neno moja la kweli, ukaliweka mahali ambapo ulijua litafanya kazi ya uongo, na ulijua litamwangukia nani, kwa sababu ulimtazama kwanza Bosi Mdogo kabla hujafungua mdomo. Mtu asiyejua mashine angeweza kukosea kwa kudhani kilichotoka ndani kimetolewa na mtu wa ndani. Mjomba wako alikosea hivyo, na ninamwelewa. Chumba kizima mlioujua ukweli ni wewe na Bosi Mdogo tu, na dada wa watu alikugeukia wewe akakuomba uuseme, tena kwa upole. Ukamjibu utachunguza! Ulikuwa unachunguza nini, baba, rangi ya dari?

Usinipake mafuta na habari za shinikizo la damu la mjomba. Humlindi yeye. Ulimpa nusu ya habari, akahukumu kwa nusu hiyo, na siku akipata nusu ya pili atajua kwamba mtoto aliyemlea ndiye aliyemfanya amfunge mtu asiye na hatia. Hilo ndilo litakalompandisha presha. Zaidi ya hapo, umeshaamua kichwani mwako kwamba akijua ukweli ataufukia, na hujawahi kumpa nafasi ya kukuonyesha vinginevyo. Unayemlinda ni Bosi Mdogo, na kazi yako.

Na hapa nimekasirika kuliko pote: tundu liko wazi mpaka leo. Wakati unanitungia barua ndefu ya kujihurumia, kuna mtu huko nje anaweza kuwa anamtuma tarishi wako akalete majibu ya mtu mwingine. Yule mwalimu ana wenzake ambao bado hawajajua kwamba wamo foleni. Hukuhitaji ruhusa ya Bosi Mdogo kuchomoa waya.

Sasa nisikilize. Gazeti hili ukilisoma asubuhi, nenda zahanati kabla ya chai. Kabla hujagusa chochote, toa nakala ya kumbukumbu zote, za tovuti na za mafaili, uziweke mahali ambapo Bosi Mdogo hafiki, maana bila hizo shemeji yako hana pa kushika. Fundi wetu anasema kwenye kumbukumbu za tovuti yataonekana maombi yaliyotoka nje, saa zilezile mafaili yalipochukuliwa, na anwani ya programu ya mafaili imeandikwa palepale panapotakiwa kuwa na picha. Huo ndio ushahidi wake, na umeukalia. Ukimaliza, zima hiyo huduma ya kiungo. Mwenye picha aipakie kutoka kwenye simu yake kama watu wote, au aje nayo mkononi. Izuie seva isiweze kabisa kwenda kwenye anwani za ndani, hata iwe imetumwa na nani. Rudisha paswedi ya mafaili kwa kila mashine, ya ndani na ya nje, na kila muuguzi awe na yake. Wakisahau, wakupigie kelele wewe, ndiyo kazi yako. Huo ufamilia wenu ndio uliowafikisha hapa: mashine hamkuiuliza kitu kwa kuwa ni ya ndani, na binadamu mliye naye ndani mkamfukuza kwa kuwa si damu.

Kutoka hapo usiende kwa mjomba. Rudi nyumbani. Waite mkeo na dada yake pamoja, uwaeleze wote wawili kwa mara moja, kwa sababu ukimweleza mkeo kwanza faraghani utaanza kutafuta naye namna ya kulilainisha. Mkeo ulimwacha amshuku dada yake wa tumbo moja, kwa neno lako "sijui". Hilo ndoa yako italilipia kwa muda mrefu na sitakudanganya kwamba kuna dawa ya haraka.

Kisha nenda kwa mjomba, shemeji yako akitaka mwende naye, nenda naye, na Bosi Mdogo awepo. Kaeni kwenye chumba kilekile cha kusubiria, mbele ya watu walewale waliosikia neno lako. Usimnong'oneze ofisini. Alichafuliwa hadharani, asafishwe hadharani. Mweleze mjomba lile la tarishi kama ulivyonieleza mimi, limeniingia mimi ambaye simu hunishinda, litamwingia daktari. Mwambie ulionya, na mwambie pia ulinyamaza, sentensi hizo mbili usizitenganishe. Bosi Mdogo akikukazia macho, mkazie na wewe. Mjomba akigoma, akaendelea na safari yake ya polisi, tangulia wewe kituoni na hizo nakala zako.

Na wagonjwa wote ambao majibu yao yalichukuliwa waambiwe, mmoja mmoja, na mtu mzima anayejua kuomba radhi. Wasiachwe wajue kwa macho ya watu kwenye foleni. Kwa mwalimu nenda wewe mwenyewe na mjomba wako. Asipowafungulia mlango, msiugonge mara ya pili, ana haki hiyo.

Uliniuliza kama kuna njia ya kumsafisha mmoja bila kumchafua mwingine. Hakuna. Ilikuwepo, siku ile ya kikao, ulipoulizwa swali na wote wakawa wanakutazama. Ungesema maneno machache tu mbele yao, mjomba na mwanawe wangeaibika kwa wiki moja, mkazima mashine, mkaomba radhi, mkaendelea na kazi. Njia hiyo umeifunga mwenyewe, iliyobaki ni hii ya kuumiza.

Shemeji yako atakuuliza kwa nini ulinyamaza siku zote hizo huku mnakula meza moja. Hapo usimtajie seva, wala Bosi Mdogo, wala ulivyolelewa. Mwambie, "Niliogopa, nikaona afadhali iwe wewe." Ndiyo kweli yenyewe, na ameshaijua, anasubiri tu kuisikia kutoka kwako. Akiamua kuhama nyumba yako siku hiyohiyo, usimsihi abaki. Mbebee begi mpaka barabarani, msimamishie gari, na asipokuaga, rudi ndani.