Swala Jike wa Stoo

Jumatatu, 7 Oktoba 1996
Sanduku limefika dukani kutoka Mali. Ndani: swala wa mbao, jike, mtoto mgongoni. Si kinyago cha usoni — hushonwa juu ya kofia, mchezaji akainama shambani kama anayelima, wakulima hodari wasifiwe. Chuoni nimewasoma tu, leo nimemshika! Davis, bosi wangu, akaninyang'anya. Mweke stoo, Haika, asionekane dirishani. Mbona? Vinyago vyetu vyote huanzia dirishani.

Alhamisi, 10 Oktoba
Davis alikuwa anapiga taipu barua. Nilipoingia, akaifunika.

Jumamosi, 12 Oktoba
Davis hayupo. Amekuja Seydou, Mmali anayesomea kilimo chuoni katika mji jirani wa Saint Paul. Kaambiwa na nani? Hakusema. Anadai swala jike wa kijiji chao aliibwa miaka mitano iliyopita. Dume kabaki peke yake, na ngoma imekufa — lazima wacheze wawili, mume na mke. Maneno matamu. Hata tapeli anayo.
Sikumwonyesha. Nikauliza, wenu ana alama gani? Papo hapo: chini ya kitako tundu moja la kushonea lilipasuka, baba yake akatoboa jingine pembeni kwa msumari wa moto.
Nikaingia stoo peke yangu, nikampindua. Tundu lipo. Kingo zimeungua.
Nikatoka nikamwambia hatuna kitu kama hicho. Akaniachia namba yake ya simu. Aibu! Lakini Davis ndiye aliyeniandikia barua ya kibali cha kazi.

Jumanne, 15 Oktoba
Saa sita mchana, niko stoo. Davis kanipa ile barua: eti swala alikuwa nyumbani kwa marehemu mama yake, katika mji wa Anoka, tangu 1962. Nisaini kwamba nilimfungasha huko mwenyewe. Sijawahi kufika Anoka! Ni saini tu, akasema, na kibali chako si kinaisha Desemba? Huku anatabasamu. Mnunuzi anakuja leo, na hamnunui bila ushahidi kwamba si wa wizi.
Nikaomba dakika moja. Nimempigia Seydou kwa simu ya stoo: swala wenu yuko hapa, njoo. Akauliza, na wewe dada unatafuta nini? Hata yeye ananishuku!
Davis anabisha. Haika, fungua. Sauti ya upole — hiyo ndiyo inayonitisha. Komeo nimelitia. Swala yuko mapajani, barua nimeichana vipande.
Kengele ya mbele inalia. Mnunuzi? Seydou? Davis kaacha kubisha. Nasikia anakwenda kufungua —