Msumari wa Ishirini na Tatu

Bagira, Bukavu
Siku ya posho, Jumamosi asubuhi

Kwa Papa yangu mpendwa, Likasi,

Nakusalimu, ingawa wewe hukunisalimu. Mgongo unaendeleaje? Mama bado anakohoa vumbi la kiangazi? Mimi ni mzima, nakula, kazini naenda. Nayaandika haya bila kuulizwa, ili angalau mmoja wetu awe amefuata desturi ya barua.

Barua yako, Papa, ilitembea miezi mitatu. Ilipitia Zambia, ikapanda hadi Bujumbura, ikavuka mpaka ndani ya Biblia ya sista mmoja. Nilipoipokea nilikaa chini, nikajua kuna msiba. Kufungua, nakuta mistari minne nyuma ya karatasi ya kalenda: "Ngoie, ukuta iko na bisu makumi mbili na mbili. Unichagulie moja ya kule Bukavu, ya haikunjike, mukia ifike mwisho ya mupini. Usitume mutu. Ulete weye mwenyewe." Basi. Nchi imekatwa vipande viwili, wewe uko upande wa serikali, mimi upande wa waasi, na baba yangu anataka kisu.

Nilikasirika sana. Siku mbili nzima niligombana nawe kichwani, hata mbele ya mashine ya kuchapa pale ofisini kwa Padri, mpaka barua yake moja nikaikosea mara tatu.

Lakini unanijua. Nimekulia chini ya ukuta ule. Wageni wakija, wenzetu huwaonyesha picha za harusi. Wewe, mpishi wa kantini uliyestaafu, unawaonyesha visu. Sheria zako nazijua kama katekisimu. Kisu cha kukunja ni mtu mwenye maneno mawili, hakiingii kwako. Chuma lazima kipite ndani ya mpini mpaka mwisho. Aliyekileta hakupi mkononi, anakilaza mezani, na wewe kabla ya kukigusa unamwuliza: "Imekata nini?" Akijibu, jibu lake linaandikwa kwenye kikaratasi na kutundikwa pamoja na kisu. Cha tano kilikata mkate wa kipaimara cha kaka Ilunga. Cha kumi na moja kilikata kamba ya mbuzi aliyejisokota shingo mtini. Na kisu kilichomwaga damu ya mtu hakipandi ukutani, hata mpini wake uwe wa pembe.

Sasa niambie, Papa. Katika mji huu, miaka hii, kisu chenye jibu zuri nitakipata wapi?

Nilianzia soko la Nyawera, maana sina akili. Mwuzaji wa kwanza alinipa kisu kinachong'aa, akaniapia kwamba ni cha kufa na kuzikana. Nikagonga mpini kwa kidole kama ulivyonifundisha, nikasikia utupu. Nilipokipima kidogo tu kwenye ubao wa meza yake, chuma kilibaki kwenye ubao na mpini ukabaki mkononi mwangu. Akanigombeza mimi. Wapagazi waliokuwa karibu wakacheka mpaka mmoja akatua mzigo wake.

Nikarudi siku nyingine. Safari hii kijana wa kiume mwenye buti za jeshi alinifuata mpaka penye pikipiki, akanifunulia kitu ndani ya gazeti. Kilikuwa kisu cha bunduki. Chuma kizima, kizito, mkia mpaka mwisho. Ungekipenda. Nikamwuliza swali lako, neno kwa neno, kama mjinga. Alinitazama muda mrefu, akakifunga tena kwenye gazeti lake, akaenda zake. Niliogopa, nakwambia wazi. Nilipanda pikipiki ya kwanza bila hata kumwambia dereva ninakokwenda.

Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja hapa hapa Bagira, mzee mpole anayefua visu kwa resori, zile springi za malori. Huyo alinipa moyo. Alikuwa na kimoja amekimaliza juzi, kipana, kimeshikwa na misumari mitatu ya shaba, kinakaa mkononi kama kilizaliwa humo. Nilishakichagua, Papa. Nilishaona kabisa unavyokigeuza dirishani. Nikauliza kimekata nini, akasema bado hakijakata kitu. Nikafurahi. Lakini mdomo wangu ukaongeza swali lingine, nikauliza resori ilitoka wapi. Angeweza kunidanganya. Hakunidanganya.

"Ni ya camion yenye iliwaka ku barabara ya Mwenga," akasema. "Watu walikuwa ndani, maman. Wengi."

Nilikirudisha mezani taratibu. Fundi hakunilazimisha. Alisema tu kwamba chuma kingine hana, na kwamba hata majembe anayoyafua yanatoka huko huko. Nikarudi nyumbani nikilia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa yako.

Kumbe bado. Kwa jinsi nilivyouliza-uliza, habari zilishaenea kwamba yule maman Mkatanga wa ofisi ya Padri anakusanya visu. Shefu wa avenyu yetu akaniita. Ndiye anayeandika kila mgeni anayelala mtaani, na wakubwa wakija na maswali wanaanzia kwake. Aliniuliza nakusanya visu kwa ajili ya nani, na ni vingapi. Watu wameondoka majumbani mwao hapa kwa maswali madogo kuliko hayo, wasirudi. Nikatoa ile barua yako, nikampa aisome.

Aliisoma mara mbili. Aliuliza kama akili zako ni nzima, nikamjibu kwamba hata mimi najiuliza. Nikamweleza ukuta, vikaratasi, mbuzi wa kile cha kumi na moja. Nikamweleza nilivyochoka: kwamba kisu chenyewe hakipatikani, na kikipatikana siwezi kukileta, maana nikivuka kuja huko wataniita mpelelezi, na nikirudi huku wataniita vilevile, na kwamba sista amejitolea kukibeba lakini wewe umekataza. Nilisema mengi. Nadhani nilisahau niko mbele ya nani.

Akakunja barua, akanirudishia, akasema: "Maman, ule muzee hatafute kisu. Anatafuta mutu wa kuileta."

Papa, imenibidi nifundishwe kusoma barua ya baba yangu na shefu wa avenyu. Miaka mitatu sijakuona, na wewe badala ya kusema "mwanangu, njoo" unaniambia urefu wa mkia wa kisu. Kwa nini uko hivyo? Unanichosha. Ungesema tu. Ningelia, ndiyo, lakini nisingezunguka Nyawera nikiuliza wanajeshi wamekata nini.

Nilifika nyumbani nikashika kisu changu nikatekate majani ya muhogo ya sombe, na hapo nikakiona. Ni kile nilichonunua wiki ya kwanza nilipofika huku. Makali yameliwa upande mmoja. Mpini nimeuzungushia mpira wa baiskeli, na pale ubao ulipolika unaona chuma kimefika mpaka mwisho.

Sikuwahi kukuandikia jambo hili. Vita ilipoingia mjini mara hii ya pili, risasi zilitufungia ndani siku mbili. Mkamwana wa Maman Nabintu, jirani ninayegawana naye ua, akashikwa na uchungu saa nne za asubuhi. Kituo cha afya ni mwendo wa dakika kumi, lakini dakika kumi zile hakuna aliyezithubutu. Wembe haukuwepo, maduka yote yalikuwa yamefungwa. Nikachemsha kisu changu cha sombe. Maman Nabintu akafunga uzi mara mbili, akaniambia nikate hapo katikati, maana mikono yake ilikuwa imemshika mama mtoto. Nikakata, mimi niliyekuwa nakimbia ukichinja kuku. Mtoto ni msichana. Wakamwita Amani, kama nusu ya watoto waliozaliwa Bagira mwaka ule, na leo asubuhi ameingia kwangu na kula ndizi zangu mbili bila kuomba.

Nikaenda kumwambia Maman Nabintu kwamba nimepata kisu cha kumpelekea baba yangu, na kwamba labda nimpe sista. Alinikatiza hapo hapo.

"Ile kisu ilikata kitovu ya Amani," akasema. "Iende, lakini weye mwenyewe uibebe. Mikono ingine, hapana."

Wazee mmenishinda. Hamjaonana hata siku moja, na mmekula njama.

Basi sikiliza uamuzi wangu, usinijibu kwa kalenda. Kisu nimekichagua. Nimekifunga kwenye kitambaa safi, nimekiweka ndani ya sanduku langu, na tangu jana nakata sombe kwa kisu cha kuazima ambacho hakikati. Sista hana kisu. Ana kikaratasi tu chenye jibu la swali lako, utakikuta ndani ya bahasha hii. Najua utasema kisu kimegusa mtu na damu ilikuwepo. Ndiyo, Papa, ilikuwepo. Andika sheria mpya.

Mama mwambie nimepokea salamu zake ambazo hukuziandika. Msalimie kaka Ilunga huko relini, na shangazi muuza mkaa, na mama yangu wa ubatizo anayetandika altare. Mwambie aendelee kuniombea njia, maana sasa nina haja nayo kweli.

Pigilia msumari wa ishirini na tatu. Utundike kikaratasi peke yake. Na nikichelewa, Papa, hata nikichelewa sana, usije ukaweka kisu kingine pale.

Mtoto wako mwenye hasira,
Ngoie